Tununue joto, tusinunue maji

Nchi inayojihesabia tani milioni 155 za mboji kavu chini ya vinamasi vyake inawezaje kuwa na mtambo wa umeme uliosimama kwa kukosa mboji? Swali hili limekuwa likiulizwa hapa Rusizi kwenye vibanda vya chai, sokoni na ndani ya teksi za kuelekea Bugarama. Majibu ninayoyasikia ni mawili. Wa kwanza anasema tuliuziwa mashine mbovu. Wa pili anasema kuna watu walikula fedha. Mimi si mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo la pili nawaachia wenye kazi yao. Lakini la kwanza naomba kulipinga, kwa kuwa tukikosea kuujua ugonjwa tutakosea na dawa, na gharama ya dawa hiyo itaandikwa kwenye bei ya umeme tunaoununua wewe na mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu mboji yenyewe. Ni kile tunachokiita kwa Kinyarwanda nyiramugengeri: majani, mafunjo na mizizi iliyokufa ndani ya maji ya kinamasi, ikakosa hewa ya kuiozesha, ikalundikana mwaka hadi mwaka mpaka ikawa udongo mweusi unaoweza kuwaka. Hulundikana kwa wastani wa milimita moja tu kwa mwaka, maana yake mita moja ya mboji ni kazi ya miaka ipatayo elfu moja. Takwimu ya tani milioni 155 kwenye eneo la hekta 50,000 hivi imerudiwa na wakuu wa sekta ya nishati kwa miaka mingi. Sehemu kubwa iko kando ya mito ya Akanyaru na Nyabarongo na katika tambarare za Rwabusoro.

Juu ya takwimu hiyo ilijengwa mitambo miwili. Mmoja uko hapa kwetu, Gishoma, wenye uwezo wa megawati 15. Mwingine uko Gisagara, karibu na mto Akanyaru unaotutenga na Burundi, wenye uwezo wa megawati 80 na mkataba wa kuliuzia taifa umeme kwa miaka 26. Ili msomaji aliyetoka ng'ambo ya Kagera apate kipimo, megawati 80 ndizo pia za maporomoko ya Rusumo, ambazo Rwanda, Burundi na Tanzania zinagawana sawa kwa sawa. Si jambo dogo. Lakini ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilieleza jinsi Gishoma ilivyokaa muda mrefu bila kuzalisha umeme kwa sababu ya uhaba wa mboji. Mtambo upo, kinamasi kipo, moto haupo.

Sasa tuitazame mashine inayolaumiwa. Mitambo mikubwa ya kuchoma mboji iliyojengwa duniani katika miongo ya karibuni imetegemea aina moja ya boila, nami nitaiita boila ya mchanga. Boila ya zamani ni kama jiko la mkaa: kuna wavu wa chuma, unaweka kuni au makaa juu yake, hewa inapita katikati. Ukiweka kitu kibichi au kitu laini kama vumbi la mbao, moto unasongwa au vumbi linapeperuka kabla halijaungua. Boila ya mchanga imejengwa kwa kufikiri tofauti. Chini ya tanuri kuna sakafu yenye mamia ya vitundu vya kupulizia hewa. Juu ya sakafu hiyo kumetandikwa mchanga. Hewa ikipulizwa polepole, mchanga unatulia. Ikiongezwa nguvu kufikia kiasi fulani, chembe za mchanga zinanyanyuka, zinaachana, zinaanza kuelea na kupinduka kama uji mzito uliochemka juu ya moto. Mchanga huo sasa unatenda kama kimiminika. Ukitupia jiwe litazama, ukitupia kipande cha ubao kitaelea.

Mchanga huo hupashwa kwanza kwa mafuta au gesi mpaka uwe mwekundu, kisha ndipo chakula cha tanuri kinapoingizwa. Wakati wowote ule ndani ya tandiko hilo, mchanga na majivu ndiyo karibu vyote. Kinachoungua ni sehemu mbili au tatu tu katika mia. Hiyo ndiyo siri yake. Kipande cha mboji mbichi kikianguka humo kinazungukwa na mchanga wa nyuzi joto 800 hadi 900, kinakauka na kuungua bila kuupoza moto wote. Kwa sababu joto haliruki juu sana, moshi wenye sumu ya naitrojeni hupungua, na ukitia chokaa, sehemu kubwa ya salfa hubaki kwenye majivu badala ya kupanda angani. Mabomba ya maji yaliyozunguka tanuri hutoa mvuke, mvuke unazungusha turbini, turbini inafua umeme.

Wazo hili si geni wala si la kubahatisha. Mjerumani Fritz Winkler alilichukulia hataza mwaka 1922, akitafuta njia ya kutoa gesi kwenye makaa ya mawe. Waingereza walilifanyia kazi katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuchoma makaa yao mabaya. Waliolipeleka mbali zaidi ni Wafini, watu wa misitu na vinamasi kama sisi, ila wao wana theluji. Walikuwa na magome ya miti, vumbi la mbao na mboji, vyote vimelowa, na mafuta yalikuwa yamepanda bei. Mwaka 1979 walijenga Pihlava boila ya namna ambayo mchanga haupindukipinduki tu, bali unapeperushwa juu, unanaswa na kurudishwa chini tena. Mwaka 2001, katika mji wa Pietarsaari, walizindua mtambo wa namna hiyo wenye megawati 240. Anayesema mashine ya namna hii haifanyi kazi, na aende akawaulize.

Kama si mashine, ni nini? Hapa naomba ndugu msomaji univumilie kidogo, maana mimi ni mwalimu na ubao siuwezi kuuacha. Kilo moja ya mboji iliyokauka kabisa hutoa joto la megajuli 20 hivi. Megajuli moja inatosha kuchemsha lita tatu za maji ya chai. Kugeuza kilo moja ya maji baridi kuwa mvuke kunahitaji megajuli kama mbili na nusu. Sasa chukua tani moja ya mboji kama inavyotoka kinamasini, ambayo kilo 900 ni maji na kilo 100 tu ndiyo mboji yenyewe. Kilo hizo 100 zitakupa megajuli 2,000. Kuyakausha yale maji kutakudai megajuli 2,250. Umechoma tani nzima na bado unadaiwa! Hakuna boila duniani, iwe ya Kifini, ya Kichina au ya Kihindi, inayoweza kuishinda hesabu hiyo.

Chukua sasa tani moja iliyoanikwa mpaka nusu yake ndiyo maji. Mboji yenyewe kilo 500 itakupa megajuli 10,000, maji yatakula 1,250, utabaki na 8,750. Hapo kuna biashara. Tofauti kati ya hasara na faida haikutoka kwenye mashine. Imetoka kwenye jua, mifereji, turubai na siku za kuanika.

Tuendelee. Mtambo mdogo wa mvuke hugeuza kama robo ya joto kuwa umeme. Linalobaki huondoka na maji ya kupozea na moshi. Megawati 15 za umeme kwa hiyo zinataka megajuli 60 za joto kila sekunde. Kwa mboji yenye nusu maji, hiyo ni karibu kilo saba kwa sekunde, tani 25 kwa saa, tani 600 kwa siku. Ni malori 30 ya tani 20 kila siku, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Mtambo wa megawati 80, hata ukipewa ufanisi bora wa sehemu tatu katika kumi, utadai zaidi ya tani 2,500 kwa siku. Nusu ya mzigo huo wote ni maji! Tunachimba maji, tunapakia maji, tunalipia dizeli ya kusafirisha maji, kisha tunachoma mboji nzuri ili kuyafukuza maji hayo yatoke kwenye bomba la moshi.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji mwalimu kuwaeleza jambo hili. Ni nani kati yenu aliyewahi kununua mahindi mabichi kwa bei ya mahindi makavu akabaki na mtaji wake? Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kiwango cha unyevu wa mahindi kisichozidi asilimia 13.5, na kila mnunuzi mwenye akili hutembea na kipimo au walau huyang'ata kwa jino. Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Mnunuzi akilipa kwa uzito peke yake bila kuuliza unyevu, muuzaji hana sababu ya kuanika. Kinyume chake, maji yanamwongezea kilo. Kama hilo tunalijua kwa gunia moja la mahindi, kwa nini tusilidai kwa tani 600 kwa siku?

Hoja yangu kuu ndiyo hiyo: tununue joto, tusinunue maji. Mboji au chakula kingine chochote cha boila kilipwe kwa megajuli zilizomo, si kwa tani. Lori lifike, lipimwe uzito, kichukuliwe kisampuli, kikaushwe kwenye oveni, unyevu ujulikane, bei itoke. Vifaa vya kufanya hivyo havihitaji profesa. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kuvitumia. Na takwimu hizo zitangazwe kila mwezi: tani ngapi ziliingia, unyevu kiasi gani, umeme kiasi gani ulitoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuanika nako kuna kalenda yake. Sisi tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, na mvua nyingine kuanzia Septemba hadi Desemba. Kiangazi cha kutegemewa ni Juni hadi Agosti, na kile kifupi cha Januari na Februari hakiaminiki. Maana yake chakula cha mtambo cha mwaka mzima lazima kichimbwe, kianikwe na kufunikwa katika miezi mitatu au minne. Huko Ulaya wamefanya hivyo kwa miongo mingi: hukwangua tabaka jembamba juu ya kinamasi kilichotolewa maji, huligeuzageuza mpaka likauke, hulikusanya, hulifunika kwa plastiki kusubiri baridi. Mtambo wa mboji kwa hakika ni shamba kubwa lenye boila pembeni. Ukiwekeza akili yako yote kwenye boila na kulisahau shamba, utapata kile tulichokipata.

Lakini hata tukifanikiwa kuanika vizuri, kuna swali kubwa zaidi lisilokwepeka. Mboji haioti tena katika umri wa mtu. Isitoshe, kwa kila kipimo kimoja cha joto inatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko hata makaa ya mawe. Na kinamasi si ghala tu la mafuta ya moto. Wakubwa wenzangu hawajasahau Rugezi. Kinamasi kile kilipotolewa maji na kulimwa, maji ya maziwa ya Burera na Ruhondo yalishuka, mtambo wa Ntaruka ukapungukiwa nguvu, na mwaka 2004 nchi ikaingia kwenye giza la kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Baadaye Rugezi ililindwa, maji yakarudi. Funzo lake ni chungu: unaweza kukausha kinamasi ili upate kitu kimoja, ukapoteza umeme mahali pengine.

Waairishi wana mengi ya kutufundisha hapa. Walichoma mboji kufua umeme tangu miaka ya 1950. Kati ya mwaka 2000 na 2005 walifunga kazi na mitambo ya zamani wakajenga mitatu mipya, yote ya boila za mchanga: Edenderry wenye megawati kama 118, Lanesborough wenye 100 na Shannonbridge wenye 150. Mwisho wa mwaka 2020 miwili ya Lanesborough na Shannonbridge ilizimwa moja kwa moja, ikiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Uliobaki ni wa Edenderry. Kwa nini huo ukapona? Kwa sababu wenyewe walianza mapema, miaka mingi kabla, kuchanganya mboji na mabaki ya miti, kidogo kidogo wakiongeza, mpaka mwisho wa mwaka 2023 wakaacha mboji kabisa. Boila ni ile ile, mchanga ni ule ule, chakula ndicho kimebadilika. Shannonbridge nao ulitaka kugeukia miti, lakini ombi lake la kibali lilikataliwa mwaka 2019, na mwaka uliofuata ukazimwa. Aliyejiandaa mapema alinusurika.

Basi nasi tujiandae. Kwa nini boila inayoweza kula kila kitu tuilishe kitu kimoja tu, tena kile kisichoota? Bonde la Bugarama ni bonde la mpunga. Ng'ambo ya pili kuna mpunga wa Imbo kwa ndugu zetu wa Burundi, na mpunga wa tambarare ya Ruzizi upande wa Kongo. Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni pumba. Pumba ni kavu tangu zinapotoka mashineni, na kilo moja ina megajuli 13 hivi, kuliko kilo ya mboji yenye nusu maji. Ziko wapi leo? Nyingi zinatupwa, zinachomwa kando ya barabara, au zinatandikwa chini ya kuku. Kuna maganda ya kahawa. Kuna vumbi la mbao. Vyote hivi vina wenyewe, na wenyewe hao ni vyama vya ushirika, wenye mashine za kukoboa, vijana wenye baiskeli na pikipiki za magurudumu matatu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi pumba zitachukua nafasi ya mboji kesho asubuhi, na anayesema hivyo hajapiga hesabu. Mtambo wa megawati 15 ukiendeshwa kwa pumba peke yake utataka tani 400 hivi kwa siku. Hizo ni pumba za tani 2,000 za mpunga kila siku, siku zote za mwaka. Bugarama yote haina mpunga huo. Vilevile kila chakula kina ukaidi wake. Majivu ya pumba ni mengi, kama sehemu moja katika tano, na ni makali kama msasa kwa mabomba. Maganda ya kahawa yana potasiamu nyingi, ambayo ikikutana na mchanga kwenye joto kali huyeyuka kama gundi. Mchanga unashikana mabonge, unaacha kuelea, tanuri linazimika. Dawa ipo: kuchanganya kwa vipimo, kutoa mchanga wa zamani na kutia mpya, kulichunga joto. Lakini dawa hiyo inataka mtu anayejua anachokifanya, si mtu anayejaribu.

Kwa mtambo mkubwa, basi, pumba na mabaki ya miti viwe mchanganyiko, kuanzia sehemu ndogo, kama Edenderry walivyoanza. Lakini mahali ambapo ningependa kuona boila ya mchanga kwanza si kwenye umeme. Ni kwenye viwanda vinavyohitaji mvuke wenyewe. Viwanda vya chai vya huku kwetu vinakausha majani kwa kuni za mikaratusi, na kila mwaka msitu unarudi nyuma. Wanaotengeneza vinywaji, sabuni, maziwa, wote wanataka mvuke au maji ya moto. Ukifua umeme unapoteza robo tatu za joto. Ukitumia mvuke kama mvuke, boila nzuri inakupa zaidi ya robo tatu. Maganda yale yale, faida mara tatu.

Nipige hesabu ya mwisho. Boila ndogo ya kutoa tani mbili za mvuke kwa saa inahitaji kama kilo 500 za pumba kwa saa. Ikifanya kazi saa kumi kwa siku, ni tani tano za pumba, yaani mabaki ya tani 25 za mpunga. Hilo bonde la mpunga linaliweza! India hawakungoja, mashine nyingi za kukoboa mpunga huko zinachoma pumba zao wenyewe kwenye boila za namna hii, tena mvuke huo huo wanautumia kuchemshia mpunga kabla ya kuukoboa. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo ili kujua kwamba mabaki ya shamba ni nishati. Kagera Sugar, ng'ambo ya mto, wanajifulia umeme kwa makapi ya miwa. Kakira, karibu na Jinja, wanauzia hata gridi ya taifa la Uganda. Siri yao si aina ya boila. Siri yao ni kwamba chakula cha boila kinaletwa kiwandani na kazi ile ile inayoleta faida, hakisafirishwi peke yake.

Najua mtu ataniuliza kuhusu mpaka. Ni kweli, mfanyabiashara anayetegemea pumba za upande wa pili amejenga juu ya mchanga wa namna nyingine. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na walioishi kwa kuvuka Ruhwa wanajua bei ya uamuzi wa namna hiyo. Kwa hiyo mkataba wa kwanza uwe na vyama vya ushirika vya ndani, na mzigo wa ng'ambo uwe nyongeza wakati njia iko wazi. Lakini tusikate tamaa na ujirani. Ruzizi II, uliojengwa mwaka 1989, ni mali ya nchi tatu, na maji yake yamepita vita na amani huku yakiendelea kuzungusha turbini. Umeme umewahi kuvuka mahali ambapo watu walizuiwa.

Nini kifanyike? Kwanza, malipo yawe kwa joto, na takwimu ziwe wazi, kama nilivyosema. Pili, kabla hekta moja zaidi ya kinamasi haijakaushwa, wananchi wanaolima humo waambiwe kwa maandishi kinamasi hicho kitakuwa nini baada ya mboji kwisha, na nani atalipa gharama ya kukirudishia maji. Wengi wetu tuliorudi kutoka nje hatukukuta mashamba ya babu. Tulipewa kipande, na kwa wengine kipande cha bondeni ndicho chakula cha kiangazi. Tatu, kila mtambo uwe na mpango wenye tarehe wa kupunguza mboji na kuongeza mabaki ya mashamba na misitu iliyopandwa. Nne, benki zinazokopesha viwanda vya chai na mpunga zitazame boila za mvuke kama zinavyotazama malori.

La tano ni la kazi yangu. Nilisoma mkoani Kagera, kwenye shule ya kijiji ambayo mwalimu wa fizikia alifundisha joto kwa kutumia jiko la mkaa na sufuria, kwa sababu hakuwa na kingine. Tulielewa. Leo ninafundisha watoto ambao wanapita mbele ya mtambo wa mabilioni ya faranga, na kitabu chao hakina hata ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini mchanga unaweza kuchemka. Nimewaonyesha kwa ndoo ya mchanga mkavu, kitambaa kilichofungwa juu ya boksi na pampu ya hewa. Waliona kizibo cha chupa kikielea juu ya mchanga, wakapiga makofi. Mmoja wao akauliza: 'Mwalimu, kwa hiyo ule mtambo unakula nini?' Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa na wakubwa kabla nondo ya kwanza haijasimikwa.

Tuliorudi tulikuja na lugha, tulikuja na biashara, tulikuja na mazoea ya nchi nyingine. Yafaa tuje pia na tabia ya kuuliza mzani. Mtambo ukisimama, anayeumia kwanza si mtaalamu aliyeuchora. Ni mama mwenye jokofu la samaki hapa Kamembe, ni kijana mwenye mashine ya kuchomelea, ni mwenye kinu cha kukoboa aliyekopa benki. Hao ndio wenye haki ya kuuliza, kila mwezi na kwa sauti: tumenunua joto kiasi gani, na maji kiasi gani?

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari wilayani Rusizi. Alisoma mkoani Kagera, Tanzania.